Re: Wakala wa AI anakata tiketi ya boti ya saa nane usiku

Salaam ndugu. Kwa hiyo abiria wa Mokowe–Lamu akiandika “saa mbili asubuhi”, wakala wako wa AI anapeleka 02:00, yaani saa nane usiku, kwenye zana ya tiketi (programu ndogo anayoiita ili kukata tiketi). Usiguse msimbo wa programu bado. Angalia kwanza maelezo ya zana, yale ambayo modeli ya AI huyasoma ili kujua namna ya kuitumia. Umeandika “muda wa safari” tu, na pakiachwa wazi hivyo modeli inabahatisha. Weka hivi: “Saa za Afrika Mashariki, mfumo wa saa 24. Saa mbili asubuhi ni 08:00, saa kumi jioni ni 16:00. Abiria asipotaja asubuhi au jioni, muulize kabla ya kukata.” Hiyo sentensi ya mwisho usiiache kabisa.

Ujumbe wa kosa nao uorodheshe saa zenye boti. “400” pekee (namba ya kosa ya kusema ombi si sahihi) humfanya wakala arudie lilelile. Malipo yawe zana ya peke yake, yenye namba ya oda, ili mtandao ukikatika na ombi likarudiwa, ijulikane ni oda ileile na abiria asitozwe mara mbili.