Kabla ya Kuchana Trei kwenye Kompyuta, Vuta Kadibodi Yenyewe

Tangu kaveera, yaani mifuko ya plastiki, ianze kupigwa vita hapa Uganda, vijana wengi wa uhandisi wananiuliza kuhusu trei za kadibodi, zile zinazokandamizwa kwa kalibu ya moto kwa ajili ya chipsi, samaki au keki. Wanataka kompyuta iwaambie trei itachanika wapi kabla hawajalipia kalibu. Nawaunga mkono kabisa, maana kalibu ni ghali. Ila nawaomba waanzie stoo, kwenye kadibodi yenyewe. Programu itasubiri.

Wengi huchukua modeli ya kompyuta iliyotengenezwa kwa ajili ya bati, wakabadilisha namba mbili tatu, wakabonyeza kitufe. Kadibodi haina tabia ya bati. Nyuzi zake nyingi hulala zikifuata mwendo wa mashine iliyoitengeneza, na upande huo huwa mgumu mara mbili au tatu kuliko upande unaokatisha. Lakini huo mgumu ndio unaowahi kukatika: ukiuvuta, hurefuka kama asilimia 2 tu, wakati wa kukatisha unaweza kufika 5. Ukiipa kompyuta wastani wa pande hizo, itachora mpasuko mahali ambapo hautatokea, na pale utakapotokea itanyamaza.

Hujui nyuzi zimelalia wapi? Kata kipande cha mraba, kilowanishe upande mmoja kwa sponji, kisha subiri. Kitajikunja kama mrija, na urefu wa mrija huo ndio mwelekeo wa nyuzi. Baada ya hapo kata kanda za upana wa milimita 15 za kuvutwa hadi zikatike: za kufuata nyuzi, za kukatisha, na za digrii 45. Hizi za mwisho watu huziruka, nami nazithamini sana, kwa sababu kwenye kona za trei nguvu haifuati upande wowote ulionyooka.

Halafu kuna unyevu. Maabara hupima kwa nyuzijoto 23 na unyevu wa hewa wa asilimia 50. Stoo ya Namanve, eneo la viwanda karibu na Kampala, asubuhi ya mvua mwezi wa Aprili haiko hivyo! Kadibodi iliyonyonya unyevu hupoteza nguvu, lakini hurefuka zaidi kabla ya kukatika, kisha kalibu ya moto huanza kuikausha tena. Kwa hiyo mimi hulaza kanda stoo usiku kucha, nazifunga zisipitishe hewa, na kuzipeleka kupimwa zikiwa katika hali hiyo hiyo. Namba hizo ndizo ninazoziamini.

Kwenye kona kuna mistari ya kukunjia. Inapokandamizwa kwenye kadibodi, matabaka ya ndani huachana kwa makusudi ili kadibodi ya ziada ipate pa kujikunja. Elementi za ganda, yaani vipande vidogo bapa ambavyo kompyuta huigawia trei, haziwezi kuonyesha matabaka yakiachana. Badala ya kuhangaika nayo yote, kunja ukanda wenye mstari, pima nguvu inayohitajika, kisha upe mstari ule tabia ya bawaba dhaifu.

Ukiwa na LS-DYNA, programu ya kuiga jinsi vitu vinavyopinda na kuvunjika, modeli yake namba 274 imetengenezwa kwa ajili ya karatasi. Programu yoyote utakayotumia, iga kwanza ule ukanda uliouvuta, kwa elementi za ukubwa uleule utakaotumia kwenye trei. Ukizifanya ndogo zaidi baadaye, mvutano utajikusanya kwenye eneo dogo zaidi na trei itachanika mapema kwenye skrini bila sababu. Kisha badilisha msuguano na nguvu ya kishikizi, kile kinachobana kingo za kadibodi wakati kalibu inaikandamiza: kikilegea utapata makunyanzi, kikibana mno kadibodi itakatika.

Na omba kiwandani trei zilizoharibika, usiletewe nzuri tu. Ukuta uliokatika unene mzima umevutwa kupita uwezo wake. Hapo angalia kishikizi na mwelekeo wa nyuzi. Kona iliyovimba na kufunguka matabaka ina tatizo la mistari, na hapo kigezo cha kuvuta peke yake hakitakuonyesha chochote.