Nilitoa filingi za meno zisizo na kasoro kwa uoga wa zebaki, wewe usinifuate

Nilikuwa na filingi mbili za rangi ya fedha kwenye magego, zimekaa miaka kumi na kitu bila kunisumbua, halafu usiku mmoja nikasoma mtandaoni kwamba nusu yake ni zebaki, basi usingizi ukakata. Ni kweli jamani, amalgamu, yaani hiyo filingi ya rangi ya fedha, karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, iliyobaki ni fedha, bati na shaba, na ukitafuna au ukisaga meno usiku kuna mvuke unatoka. Mdogo sana lakini. Hapo kwenye "mdogo sana" mimi nilipapita, kesho yake nikaenda kudai zitolewe zote.

Sasa filingi isiyo na kasoro imetulia zake, ukiichimba na mashine ndo unaipasha moto na mvuke unapanda kuliko ule wa kutafuna. Na daktari yule hakuniwekea hata kile kiraba cha kutenga jino, bomba la kunyonya linavuta kwa kusuasua, nikameza vipande vyeusi. (Kumeza sio kubaya kama unavyodhani, tumbo halifyonzi zebaki ya hivyo sana, shida ni kuivuta kwa pumzi.) FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, mwaka 2020 walishauri wajawazito, wanaonyonyesha, watoto chini ya miaka 6 na wenye matatizo ya figo wasiwekewe mpya ikiwezekana, ila hao hao walisema kama ya zamani ni nzima usiitoe bila sababu ya kiafya. Umoja wa Ulaya nao tangu Januari 2025 wamekataza kuweka mpya, labda daktari aone ni lazima kabisa kwa mgonjwa, ila hawajasema mtu akang'oe za zamani.

Haya, nikawekewa nyeupe nikijua nimepona. Kumbe hiyo nyeupe, kompositi, nayo ni plastiki yenye unga wa kioo, inawekwa laini halafu inagandishwa na taa ya bluu, na haigandi yote, kuna kemikali zinabaki huru na nyingi zinatoka siku ya kwanza, nyingine zimetengenezwa kutokana na BPA, ile kemikali ya plastiki ambayo watu wengi wanaihofia. Juu kabisa unabaki utando unaonata maana hewa inauzuia kuganda. Yangu ya kwanza ilipigwa taa mara moja tu, haraka haraka, na mpaka jioni ulimi ulikuwa na uchungu kama nimelamba ndoo mpya.

Ya pili nikaenda kwa daktari mwingine, mama mmoja mpole. Aliweka safu za kama milimita 2, kila safu na taa yake, akasugua juu, akapangusa na pamba, akaniambia sukutua teme, sukutua teme. Sikusikia ladha yoyote. Kwa hiyo muulize daktari wako mapema: ataweka safu ngapi, ule utando ataufuta, kiraba anacho? Usione aibu, mdomo ni wako.

Na kama kucha za jeli zimewahi kukutoa vipele mwambie kabla hajaanza, maana kemikali inayoitwa HEMA iliyomo kwenye jeli nyingi za kucha iko pia kwenye gundi ya filingi.