Barua kwa binti yangu aliye Nampula

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Mvumi. Sisi wazima, ila mvua imechelewa na baba yako anashinda akitazama mawingu.

Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza wale wamisionari tuliokuwa nao hapa zamani walipataje marafiki, maana kwako huko Msumbiji watu hawakauki mlangoni, lakini kila mmoja anakuja na shida yake, ikiisha anaondoka. Hakuna anayekuja kupiga soga tu.

Nikwambie ukweli mama, si wote waliopata. Wazungu wa CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana, walifika Mpwapwa mwaka 1876, na tangu dayosisi yetu ianzishwe mwaka 1927 wengi tuliowapokea wametoka Australia. Wametibu vikope, wamezalisha, wamefundisha, na tumewaheshimu. Familia moja ilikuwa na ukarimu kupita wote: dawa, nguo, lifti ya kwenda Dodoma, huombi mara mbili. Siku ya kuwaaga tulitoa hotuba, khanga na jogoo. Kisha tukarudi mashambani, na sikumbuki mtu aliyeuliza tena habari zao. Si kwa ubaya. Miaka yote ile hawakuwahi kuhitaji kitu kutoka kwetu.

Yule sista wao, muuguzi wa wodi ya wazazi, alikuwa tofauti. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, Vita vya Kagera vimeisha na madukani hakuna sukari, hakuna sabuni, hakuna mafuta ya taa. Wewe hujazaliwa. Jioni moja nasikia hodi uani, namwona kashika mfuniko wa sufuria. Mafuta ya jiko yamemwishia, kiberiti hana, anaomba moto. Nilicheka kwanza. Mfuniko wa alumini, na makaa! Nikamtafutia kigae, nikamwekea makaa matatu, nikayafunika majivu, nikamwonyesha namna ya kukinga upepo kwa kiganja. Akavuka uwanja wa misheni pole pole kama kabeba mayai, watoto wanamfuata nyuma.

Kesho yake nikaenda kwake kuomba chumvi, wala sikuona haya. Kabla ya hapo nilikuwa nabisha mlango wa mbele tu, tena kwa jambo la kazi. Tangu siku ile nikawa napitia jikoni.

Bibi yako alipofariki hakuja na bahasha akaaga. Alivua viatu, akakaa mkekani na wanawake, halafu akaenda kusugua masufuria ya ugali. Alisugua vibaya mpaka shangazi zako wakamnyang'anya, wakampa kazi ya kuchambua mlenda. Hadi leo wanamcheka kwa hilo, na yeye anajua. Ameshazeeka, anatembelea fimbo, lakini Jumapili haipiti bila kunipigia WhatsApp kuuliza kama mvua imenyesha.

Umeniandikia pia kwamba unaona vibaya kukaa na Watanzania wenzako; hilo lisikusumbue. Hawa wamisionari wetu nao walikuwa wanakutana wenyewe kwa wenyewe, wanaongea Kiingereza chao na kucheka hadi usiku. Kuna waliosema wanajitenga. Mimi sikuona hivyo, ulimi wa mtu nao unachoka. Pikeni ugali wenu, na ukipata Mgogo mwenzio mwambie mbukwa, ulale umeshiba.

Ila yule mama jirani uliyeniambia anatwanga mihogo kila asubuhi, nenda kwake mikono mitupu. Najua utatamani kubeba sukari, iache. Mwombe akuazime kinu, akufundishe anavyopika huo unga. Akikucheka, cheka naye. Na siku akija yeye kuomba chumvi, usimpe pakiti nzima. Mpe kijiko, ili arudi.

Mama yako