Gereji ya Wasomaji: Mninga ndani ya Datsun 240Z

SWALI: Shikamoo fundi. Mi nipo Isevya hapa Tabora mjini. Baba mdogo katuachia Datsun 240Z ya mwaka 1972, injini inawaka vizuri, bodi siyo mbaya, ila ndani ndo balaa, dashibodi imepasuka kwa juu na ile plastiki inayozunguka gia imepauka mpaka imekuwa kijivu. Kuna seremala jirani yetu anatengeneza vitanda na milango ya mninga, kazi yake safi sana, anasema ang'oe dashibodi yote achonge nyingine ya mninga mtupu unene wa inchi moja. Washkaji wananicheka eti mbao ni za Jaguar siyo Datsun. Nikubali? Na nipake nini isipauke tena? – *Msomaji, Isevya*

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa msiba. Hao washkaji tuanze nao halafu tuwaache. Gari hiyo unayochekwa nayo ndiyo iliyoshinda mbio za magari za East African Safari mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, ikarudi ikashinda tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews, kwaiyo heshima inayo tena ya huku huku kwetu. Na mbao haijaanza kwa seremala wako, angalia kichwa cha gia kama bado ni kile cha kiwandani, halafu angalia usukani wenye sura ya mbao, Wajapani wenyewe walishaonja ladha hiyo.

Sasa seremala. Usikubali. Simaanishi kwamba hajui kazi, ila kitanda kinakaa chumbani na gari linakaa juani, hizo ni dunia mbili. Tabora unaijua, kuanzia Mei mpaka Oktoba hewa kavu mpaka midomo inapasuka, halafu mvua zikianza Novemba kila kitu kinavuta unyevu, na mbao haiachi kuvuta na kutoa unyevu eti kwa sababu imeshakuwa kitanda au dashibodi, inatanuka na kusinyaa kwa upana wake kila msimu. Mninga una sifa ya kutulia kuliko mbao nyingi, hapo seremala yuko sahihi, lakini ubao wa inchi nzima uliotobolewa matundu ya geji, ukabanwa skrubu kila kona, ukaachwa chini ya kioo cha mbele saa nane mchana, hapo unautafutia ufa kwa makusudi. Na uzito je? Na magoti yako siku ukigonga kitu? 240Z haina eabegi, kilichopo mbele yako ndicho utakachokutana nacho, kwaiyo ubao mnene wenye kona kali mbele ya magoti mi sikushauri hata kama ungepewa bure.

Hata hayo magari ya Kiingereza tunayoyasifia kwa mbao, ukibandua unakuta ile walnati inayong'aa ni vinia tu, yaani ngozi nyembamba ya mbao, kitu kama 0.6 mm, imegandishwa juu ya plaiwudi au bati. Uzuri wote uko juu juu, kazi ya kukaa sawa inafanywa na kilichopo chini. Ndo njia ya kwenda nayo wewe.

Vinia ya mninga kwa mafundi wa mtaani sidhani kama utaikuta imekaa inakusubiri, ila ukipata karakana yenye msumeno wa mkanda mwambie akupasulie vipande vya milimita 2 hivi kutoka ubao mmoja, tena vilivyofuatana, asikuchanganyie. Ukivifungua viwili vilivyofuatana kama kurasa za kitabu, mistari ya kulia inakuwa kioo cha mistari ya kushoto, na hapo ndo watu wataacha kucheka. Muulize ubao umekauka vipi. Mwenye kipimo cha unyevu atakwambia, uwe chini ya asilimia 12, na kwa gari la Tabora ukipungua zaidi ya hapo ni bora. Ule weupe wa pembeni ya ubao akate wote atupe, wadudu wanaupenda kweli, chukua moyo wa mti wenye rangi ya kahawia na wekundu.

Halafu wapi uweke. Hapa ndo maoni yangu yanaanza kuwa makali kidogo. Juu ya dashibodi pale palipopasuka usiweke mbao kabisa. Mosi, ile dashibodi ina maumbo ya mviringo yenye geji zilizozama ndani, mbao haiwezi kufuata bila kuharibu sura ya gari, pili kitu chochote kinachong'aa pale juu kinaakisi kwenye kioo cha mbele na wewe unaelekea Urambo jua la jioni limekukaba, huoni barabara. Pale juu tafuta fundi wa viti akuvalishie upya kwa vinaili nyeusi isiyong'aa, nyufa zijazwe kwanza. Mbao weka kwenye konsoli inayozunguka gia, kile kipande bapa, na ukipenda sana weka ukanda mwembamba kwenye milango. Basi. Gari la spoti likijazwa mbao kila mahali linageuka sebule.

Namna ya kufanya: kwanza toa waya wa betri, usianze kufungua kitu nyaya za miaka hamsini zikiwa na umeme, ganda lake limeshakauka linavunjika ukiligusa. Fungua kipande cha konsoli, usikitupe, kiweke kabatini kimefungwa vizuri maana siku ukitaka kuuza mnunuzi wa maana atauliza vitu vya asili viko wapi. Chukua kadibodi ngumu (boksi la jokofu linatosha) kata umbo, jaribisha, rekebisha, jaribisha tena mpaka likae bila kulazimisha, halafu hamishia kwenye plaiwudi nzuri ya milimita 6, siyo ile ya dari. Tumia matundu ya skrubu yaliyopo, usitoboe bodi matundu mapya. Acha nafasi kidogo pembeni mbao ipate pa kupumulia, na lile tundu la gia liwe kubwa kidogo, jaribu gia zote ikiwemo ya kurudi nyuma kabla hujagandisha chochote.

Kitu ambacho mafundi wengi wanakiruka ni kugandisha pande zote mbili. Ukibandika mninga juu peke yake, upande wa juu utavuta na kusinyaa tofauti na wa chini, baada ya msimu mmoja kipande kimepinda. Chini weka kipande chochote cha mbao cha unene ule ule, hakionekani. Gundi isiwe ile ya viatu na isiwe ile nyeupe ya kawaida ya maseremala, zote joto likipanda zinalegea, na dashibodi ya gari lililofungwa juani inaweza kuvuka nyuzi 70. Tumia epoksi, ile ya mirija miwili unachanganya, bana kwa klampu na mbao bapa, acha ilale usiku mzima.

Msasa anza 120, nenda 180, maliza 240 ukifuata mstari wa mbao. Vaa barakoa, vumbi la mninga linawasha pua na wenye pumu linawasumbua kweli. Kupaka nenda kwa fundi rangi wa magari, mwambie kilia (ile rangi ya juu inayoonyesha kilicho chini) ya kuchanganya na hadina, yaani dawa ya kuigandisha, ndiyo inayostahimili jua kuliko vanishi ya vitanda. Koti kadhaa nyembamba, msasa mlaini katikati, na asisahau kingo na upande wa chini pamoja na ndani ya matundu, maana unyevu unaingilia huko huko palipoachwa wazi. Rangi itabadilika kidogo miaka ikienda, hiyo mi sioni kama ni ubaya.

La mwisho, ukinunua mbao dai risiti na uulize karatasi za TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), hasa kama ubao unatoka Urambo au Sikonge unakuja mjini. Kipande chenyewe ni kidogo ila kesi yake siyo ndogo.

SWALI: Habari kaka, mi nipo Ujiji Kigoma, nina MG ya zamani natengeneza taratibu. Fundi wa maboti huku anasema anaweza kunichongea usukani wa mbao kutoka gogo moja, na vanishi atumie ya maboti. Vipi hapo? – *Msomaji, Ujiji*

JIBU: Vanishi ndiyo, gogo moja hapana.

Ukikata duara kutoka ubao mmoja kuna sehemu mbili ambazo mistari ya mbao inapita kwa kukatisha, na hapo ndo patakapovunjika, tena patavunjika siku unapouvuta usukani kwa nguvu zote yaani siku unayouhitaji. Usukani wa mbao wa kweli kama ule wa Nardi wa Italia una fremu ya chuma au aluminiamu ndani, mbao imegandishwa vipande vipande kuuzunguka. Fundi wako wa maboti anajua kukunja na kuunganisha mbao kuliko seremala yeyote wa vitanda, mpe fremu ya usukani wa zamani aivalishe vipande vyembamba kwa epoksi, ataelewa haraka. Vanishi ya maboti inanyumbulika na ina kinga ya jua, ila inakauka polepole, usimharakishe, na usishike usukani na mikono yenye jasho kabla haijakomaa. Kitovu na boliti za katikati zibaki za chuma kama zilivyo, hapo pasiguswe.

Na kwa kuwa umetaja MG, ukija kuweka paneli ya geji ya mbao kumbuka kwamba kwenye magari mengi ya zamani geji na balbu zake zinapata ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, kupitia bati la dashibodi. Ukiweka mbao ethi imekatika, taa haziwaki, geji zinacheza cheza, utabadilisha geji bure. Vuta waya mmoja wa ethi kutoka bodi ukapite nyuma ya geji zote.

SWALI: Fundi, huku kwetu Sikonge nta ya nyuki ipo ya kumwaga, naweza kung'arishia mbao za ndani ya gari badala ya hizo kilia za bei? Na kichwa cha gia cha mpingo kinafaa? – *Dada wa Sikonge*

JIBU: Dada, nta ya Tabora naipenda lakini inayeyuka kwenye nyuzi 62 mpaka 64, na hapo juu nimesema joto la gari likoje. Kwenye dashibodi italainika, itanata, vumbi letu lote la barabarani litahamia hapo. Kwa kichwa cha gia kilicho chini kivulini sawa, paka kidogo, futa sana, rudia ukiona kimefubaa.

Mpingo kwa kichwa cha gia ni mtamu mno, mzito mpaka unazama majini, gia inaingia kwa raha. Ila usikate nyuzi za skrubu kwenye mbao yenyewe, zitakwanguka, zamisha nati ya shaba au ya chuma inayolingana na ule mti wa gia na uigandishe kwa epoksi. Mpingo una mafuta, futa tundu kwa asetoni kwanza na gandisha hapo hapo, ukiacha mpaka kesho mafuta yamesharudi juu. Na gari likishinda juani shika kwa kitambaa mara ya kwanza, mweusi ule unahifadhi moto.