Makala Zipo, Wasomaji Hawapo

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu kutoka Ipagala, jijini Dodoma. Nina duka la miche ya zabibu, mikasi ya kupogolea na mipira ya umwagiliaji wa matone. Mwaka jana mdogo wangu alinitengenezea tovuti, na tangu hapo nimeandika makala 21 kuhusu kilimo cha zabibu, nyingi nikiziandika usiku baada ya kufunga duka. Wanaoingia kwenye tovuti hawafiki 15 kwa siku, na hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuniambia kuwa amenifahamu kupitia makala hizo. Mtu mmoja amenishauri niandike makala mpya kila siku, na mwingine ananihimiza nilipie matangazo. Nifuate ushauri upi? Nimeambatisha vichwa vya makala zote.

JIBU: Dada yangu, pole kwa kazi, na hongera kwa uvumilivu. Kwa sasa ningekuomba usifuate ushauri wowote kati ya hiyo miwili. Makala 21 zinatosha kuanzia. Kinachokosekana ni kazi ya kuzifikisha kwa wanaozihitaji, nayo ni kazi inayotaka muda sawa na ule wa kuandika, pengine hata zaidi. Wafanyabiashara wengi wanaoniandikia huamini kwamba makala ikishawekwa kwenye tovuti itajitafutia wasomaji yenyewe, kwa hiyo hutumia nguvu zao zote kwenye kuandika na kubakiwa na dakika chache tu za kuitangaza. Usiku wa wiki hii usiandike makala ya 22, bali rudi kwenye zile 21.

Anza kwa kumwomba mdogo wako aisajili tovuti kwenye huduma ya Google iitwayo Search Console, ambayo hailipiwi, na awasilishe humo ramani ya tovuti, yaani faili linaloorodhesha kurasa zako zote, ili Google iweze kuzifikia kwa urahisi. Baada ya wiki chache utaanza kuona maneno ambayo watu waliyaandika walipokuwa wakitafuta, idadi ya mara ambazo ukurasa wako ulionekana kwenye matokeo, na idadi ya mara ambazo ulibonyezwa. Ukurasa unaoonekana mara nyingi bila kubonyezwa huenda una kichwa kisichomvutia mtafutaji, au umepangwa chini mno kwenye matokeo. Ukurasa usioonekana kabisa, ama Google haijauingiza kwenye kumbukumbu zake, ama haujibu swali lolote ambalo watu wanauliza kwa maneno uliyoyatumia wewe.

Suala hili la maneno ndilo ninaloliona kuwa kiini cha tatizo lako, kwa hiyo niruhusu nilieleze kwa kirefu. Miongoni mwa vichwa ulivyonitumia kipo hiki: “Umuhimu wa Udhibiti Jumuishi wa Ubwiri Unga katika Zao la Zabibu”. Ni kichwa sahihi, na bwana shamba angekipitisha bila shaka. Lakini mkulima wa Hombolo au Mpunguzi anayefika shambani asubuhi na kukuta majani ya mizabibu yake yamepakaa unga, mara nyingi hajui kuwa ugonjwa ule unaitwa ubwiri unga. Atachukua simu na kuandika kile anachokiona kwa macho yake: “unga mweupe kwenye majani ya zabibu”. Kama maneno hayo hayamo kwenye kichwa wala kwenye aya ya kwanza, makala yako, hata ikiwa bora kuliko zote, ina nafasi ndogo ya kumfikia. Kibadilishe kichwa kiwe “Unga Mweupe kwenye Majani ya Zabibu: Ni Ugonjwa Gani na Ufanye Nini”, kisha jina la kitaalamu ulitaje ndani, mahali ambapo msomaji ameshaelewa linazungumzia nini.

Baada ya kichwa, jibu lije mapema. Makala yako hiyo inaanza kwa aya tatu kuhusu umuhimu wa zabibu katika uchumi wa Dodoma, jambo ambalo mkulima mwenye shamba linaloumwa hana haja ya kuelezwa. Mwambie katika sentensi za mwanzo kwamba unga huo ni kuvu, kwamba salfa ni miongoni mwa dawa zinazotumika dhidi yake, kwamba afuate vipimo vilivyoandikwa kwenye kifungashio, na kwamba asipulizie wakati jua ni kali kwa sababu salfa inaweza kuunguza majani kwenye joto kubwa. Msomaji aliyepata msaada katika nusu dakika ya kwanza ndiye atakayeendelea kusoma hadi mahali ulipoandika duka lako liko wapi, na ndiye atakayeituma makala hiyo kwa jirani yake.

Utayapata wapi maneno ya watu? Unayo tayari kaunta, ambayo wengi wanaoshindana nawe kwenye intaneti hawana. Kwa wiki mbili weka daftari karibu na droo ya fedha, na kila swali la mteja uliandike kama lilivyotoka kinywani mwake, bila kulisahihisha. Swali litakalojitokeza mara tano au sita katika daftari hilo linastahili makala, au linastahili kuwa kichwa kipya cha makala uliyonayo.

Sasa tuje kwenye kuzifikisha. Wateja wako wako WhatsApp, na huko ndiko ningeanzia, lakini si kwa kumwaga viungo vya makala zako, yaani anwani za kubonyeza, kwenye kila kundi unalomo. Kiungo kisicho na maelezo hupitwa tu, na kikirudiwa huwachosha watu hadi wakakuondoa. Andika jibu fupi la sentensi tatu au nne linalojitosheleza, kisha weka kiungo kwa anayetaka maelezo kamili na picha. Ukitumia orodha ya matangazo ya WhatsApp (broadcast), fahamu mambo mawili: orodha moja haizidi watu 256, na ujumbe huwafikia wale tu waliohifadhi namba yako kwenye simu zao. Kwa hiyo kazi inaanza dukani: mteja anapolipia mche au mkasi, mwombe aihifadhi namba yako, na umuulize kama angependa kutumiwa maelezo ya kilimo. Ombi hilo si adabu pekee. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inagusa pia namba za simu unazozikusanya kibiashara. Mtu aliyekupa namba kwa ajili ya kupelekewa mzigo hajakuruhusu kumtangazia bidhaa kila juma.

Chunga pia uzito wa kurasa zako. Nimefungua baadhi ya makala zako kwa simu, na picha zimewekwa kama zilivyotoka kwenye kamera, nyingine zikiwa na megabaiti kadhaa. Msomaji wako amenunua kifurushi na anasoma akiwa shambani ambako mtandao ni dhaifu. Akiona ukurasa unasuasua ataufunga kabla hata hajaona kichwa. Mdogo wako azipunguze picha hizo zisizidi kilobaiti mia mbili hivi kila moja.

Kuna jambo la majira ambalo watu wa mijini hulisahau. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza kwa kawaida mwezi Desemba, na zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kipindi cha Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Makala ya kupogoa iliyotolewa wakati watu wanavuna imechelewa au imewahi mno. Google nayo huhitaji muda kuutambua ukurasa na kuupa nafasi, kwa hiyo weka makala miezi miwili kabla ya siku ambayo mkulima ataihitaji, na uisambaze tena wiki yenyewe ya kazi. Makala ya mwaka jana si kitu cha kuonea aibu. Ihuishe bei, ongeza picha ya msimu huu, kisha ichapishe upya kwenye anwani ileile bila kufungua ukurasa mwingine, ili nafasi uliyokwisha kuipata isipotee.

Ipo pia njia ya majirani katika kazi. Larry Page na Sergey Brin walipoianzisha Google mwaka 1998, msingi wa mfumo wao ulikuwa kuhesabu viungo vinavyoelekea kwenye ukurasa kama aina ya udhamini, na hadi leo viungo kutoka tovuti zinazoheshimika bado vina uzito. Chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu, kiwanda kidogo cha kusindika mvinyo, au afisa ugani mwenye ukurasa wake, wote wanaweza kuelekeza watu kwenye makala yako endapo inawapunguzia kazi ya kueleza jambo lilelile kila siku. Waendee ana kwa ana, uwaonyeshe makala moja tu inayowahusu. Usinunue viungo kutoka kwa wauzaji wanaokuahidi mia kwa bei ya kutupa. Google inakataza jambo hilo, na tovuti ikigundulika inaweza kushushwa katika matokeo. Na mwezi Agosti, wakati wa maonesho ya Nane Nane pale Nzuguni, kila kipeperushi utakachogawa kiwe na msimbo wa QR unaofungua makala moja mahususi, si ukurasa wa mbele wa tovuti, kwa maana aliyeshika kipeperushi cha mipira ya matone anataka kusoma habari za mipira ya matone.

Kuhusu matangazo ya kulipia, yana mahali pake, ila baadaye. Subiri hadi uone makala ambayo wanaoisoma wanapiga simu, ndipo uilipie hiyo kwa kiasi kidogo, ukielekeza tangazo kwa watu wa Dodoma na mikoa ya jirani pekee. Kulipia makala ambayo haijawahi kumleta mtu ni kuwaleta wengi waondoke haraka. Na ili ujue ipi inaleta watu, kila kiungo unachosambaza kiwe na alama yake ya kukitofautisha, moja ya WhatsApp, nyingine ya kipeperushi, huku wewe ukimuuliza kila mteja mpya pale kaunta amekufahamuje na kuandika jibu kwenye lile lile daftari. Wasomaji 40 wa Chamwino na Bahi wenye mashamba wana faida kubwa kwako kuliko 400 wasiojua mzabibu, na hesabu za tovuti peke yake hazitakuonyesha tofauti hiyo.

SWALI: Ninakamua mafuta ya alizeti mkoani Singida. Nina tovuti, lakini nikiweka maelezo yangu yote Facebook na Instagram napata watu wengi kwa haraka. Kuna sababu gani ya kuendelea kulipia tovuti? – Msomaji wa Singida

JIBU: Ndugu msomaji, endelea kutumia mitandao hiyo, ila usiifanye ghala lako. Chapisho la leo litakuwa limezama chini ya machapisho mengine kabla ya wiki kwisha, na mwenye duka Arusha atakayetafuta mwezi wa sita “jinsi ya kutofautisha mafuta safi ya alizeti” hana urahisi wa kulifikia. Makala iliyo kwenye tovuti inaweza kuendelea kupatikana kwa kutafutwa miezi mingi baada ya kuandikwa. Weka Facebook sehemu yenye uzito, kwa mfano picha za hatua za kuchuja mafuta na maelezo mafupi, kisha uwaelekeze kwenye tovuti kwa bei za jumla, ujazo wa madumu na utaratibu wa kusafirisha. Kwa Instagram, kumbuka kwamba kiungo kilichoandikwa kwenye maelezo ya picha hakibonyezeki. Kiweke kwenye wasifu wako au kwenye stori.

SWALI: Nyumba yetu ya wageni iko Kondoa, na tumeanza kuandika makala kuhusu michoro ya miambani ya Kolo. Tuandike kwa Kiswahili au kwa Kiingereza? – Msomaji wa Kondoa

JIBU: Andikeni kwa zote mbili, lakini kila lugha iwe na ukurasa wake, kwa sababu ukurasa uliochanganya lugha huwachanganya wasomaji na pia mitambo ya kutafutia. Wala msitafsiri neno kwa neno. Mgeni wa kutoka Ujerumani anataka kujua kwamba michoro hiyo iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, namna ya kufika kutoka Dodoma au Arusha, na kama kuna mwongozaji. Mwalimu wa Dodoma anayepanga safari ya wanafunzi anataka kujua nafasi za kulala, chakula na maegesho ya basi. Hizo ni makala mbili tofauti. Kabla ya zote, sajilini nyumba yenu kwenye wasifu wa biashara wa Google, ambao ni bure, ili ionekane kwenye ramani ikiwa na namba ya simu inayopokelewa, picha za vyumba kama vilivyo leo, na kiungo cha makala ya Kolo kikiwa kwenye sehemu ya kujaza anwani ya tovuti.