Tiketi za Anfield kwa "ndugu yetu" wa grupu? Mkuu usitume hiyo hela

Usitume. Kama app ya benki iko wazi ifunge, weka simu mezani, soma hapa kwanza.

Mleta uzi kasema yuko Leicester kimasomo, baba yake anakuja toka Arusha, anataka kumpeleka Anfield, uwanja wa Liverpool, kapata jamaa kwenye grupu la Facebook la Waswahili wa Uingereza anauza tiketi 2 kwa pauni 180 kila moja. Anauliza kama bei ni sawa, wavae nini, wale wapi, walale wapi na mji wenyewe ukoje. Halafu hapo juu watu watano wamekazana kumjibu habari za hoteli. Hoteli ya nini jamani, mtu anaenda kuchinjwa nyie mnamwonyesha pa kulala.

Mimi nilipigwa. Tarehe 12 Novemba 2022, Liverpool na Southampton, Jumamosi saa tisa alasiri, mechi ya mwisho kabla ligi haijasimama kupisha Kombe la Dunia la Qatar. Hiyo tarehe naikumbuka kuliko ya harusi yangu (mama watoto ukipita hapa ujue natania).

Mgeni wangu alikuwa mjomba. Yeye ndiye aliyenitia huu ugonjwa, usiku ule wa fainali ya Klabu Bingwa Ulaya, Istanbul 2005, mapumziko Liverpool tuko nyuma 3-0, watu wote wakasusa wakatoka kwa jirani mwenye TV, mjomba akabaki, na mimi nikabaki kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na tochi. Mzee kafanya kazi bandarini miaka thelathini na ushee, kastaafu, kaja Coventry kunitembelea wiki 3, na kaomba kitu kimoja tu. Hakuomba London wala kasri la mfalme. Anfield.

Nikaingia kwenye tovuti ya klabu, nakuta mechi hizi ni za wanachama, na hao wanachama wenyewe wanachezeshwa kura ya bahati nasibu nani apate, na kura yenyewe ilishapita kitambo. Hapo mtu mwenye akili anamwambia mzee wake ukweli. Mimi nikaona aibu, mtu kasafiri toka Dar nianze kumweleza habari za wanachama na kura! Nikaomba msaada kwenye grupu la WhatsApp.

Dakika kumi hazikuisha jamaa kanifuata inbox. Salamu ndefu kama barua ya posa, pole na baridi, familia hawajambo, "sisi wa nyumbani tusipobebana nani atatubeba", Mungu katajwa mara nne kabla bei haijatajwa. Pauni 190 kila moja. Msimu ule tiketi ya kawaida ya mtu mzima pale haikufika pauni 65, nilijua kabisa, nikajisemea ndio soko lilivyo. Nikatuma 380. Na benki iliniuliza kwenye skrini, jina la akaunti halifanani na ulilojaza, una uhakika? Nikabonyeza endelea. Kwa kidole changu hiki, ndicho naandikia.

Akanitumia picha mbili zenye QR code, zina nembo, zina namba za siti, nzuri mpaka unatamani kuziwekea fremu. Sasa sikiliza hapa mkuu maana ndipo pesa yako ilipo: Anfield hawasomi QR. Tiketi inakaa kwenye pochi ya simu kama kadi ya benki, unagusisha simu getini taa inawaka kijani unapita. Picha haigusishwi. Ukitumiwa screenshot umetumiwa picha, kaichapishe uweke sebuleni. Na hata mlanguzi akikutumia ile ya kugusisha kweli bado hujapona, maana hiyo ni ya akaunti ya mwanachama fulani, klabu wakinusa inauzwa wanaifuta hata siku ile ile na wewe ndio uko getini umeshika simu, yeye yuko kwake anakunywa chai. Kuuza tiketi ya mpira kiholela hapa England ni kosa la jinai toka sheria ya 1994, kwa hiyo huyo "ndugu yetu" hata akiwa na tiketi halali bado anavunja sheria, na ukienda kulalamika unaanza kwa kueleza kwamba ulinunua kwa mlanguzi. Jaribu uone utakavyoangaliwa.

Siku yenyewe mjomba kavaa kaunda suti ya bluu, juu skafu nyekundu. Tumeshuka kituo cha treni cha Lime Street, tumepanda basi la mechi, na niseme ukweli watu wa Liverpool wanaongea, sio kama huku kwetu ambako jirani anakusalimia mwaka hadi mwaka. Kwenye basi mzee mmoja kasikia East Africa, kamkumbatia mjomba kwa sababu ya Divock Origi, mshambuliaji wetu wa zamani, lile goli la dakika ya 96 alilowafunga Everton 2018, zile mbili za Barcelona 2019. Baba yake Origi ni Mike Okoth wa Kenya. Mjomba hakusahihisha kitu, kapokea pongezi za Wakenya wote kwa mikono miwili.

Getini nikagusisha. Nyekundu. Nikafuta kioo cha simu kwa shati, nyekundu. Stewadi, kijana mpole tu, kaangalia ile picha sekunde mbili akasema hii sio tiketi, na nyinyi ni wa nne leo. Mjomba nyuma yangu anauliza kwa Kiswahili, "vipi, mtandao?" Nikamjibu ndiyo mjomba, mtandao. Mungu anisamehe.

Tukakaa nje, na sasa nakwambia kitu kinachouma mpaka leo. England mechi ya Jumamosi saa tisa haionyeshwi kwenye TV, toka miaka ya 60 wana marufuku yao ya matangazo mida ya alasiri ili watu waende kwenye viwanja vya timu ndogo. Nikauliza baa ya karibu, hakuna. Yani tuko mita mia moja kutoka uwanjani na hatuoni mechi, na Mbagala saa kumi na mbili jioni kwenye kibanda umiza cha shilingi mia tano wanaiona yote. Wapwa wa mjomba wakawa wanatutangazia kwa voice note. Tunasikia kishindo cha uwanja kwanza, ukuta unatetemeka, tunatoa macho, halafu baada ya muda simu inalia toka Mbagala: Firmino, kwa kichwa. Dakika ya 6 hiyo. Dakika ya 9 tukasikia kelele ndogo ya upande mmoja tu, mjomba kashangilia, nikamwambia mjomba hao Southampton. Halafu Núñez, halafu Núñez tena. Magoli yote manne ya siku ile yaliisha kabla ya mapumziko, 3-1, kipindi cha pili tumekaa nje kwenye baridi kusikiliza watu wanaimba. Na wapwa wanauliza, "mjomba mbona hatukuoni, mko upande gani?" Mjomba akawajibu yuko upande ambao kamera haifiki. Hakudanganya.

Alipoinuka akaenda kwenye ukumbusho wa Hillsborough, pale kwenye majina 97. Ni wale waliokufa kwa kubanwa kwenye nusu fainali ya 15 Aprili 1989 kule Sheffield, mdogo wao alikuwa na miaka 10. Mjomba kasoma jina moja moja kwa kidole. Pembeni kuna baba mmoja akamgusa bega taratibu akaonyesha mfuko wa koti la mjomba, kumbe mjomba alikuwa ameokota gazeti kwenye siti ya treni pale Crewe, kalikunja kaliweka mfukoni. The Sun. Mbele ya ukumbusho! Lile gazeti liliandika siku chache baada ya ajali kwamba mashabiki waliwaibia maiti na kuwakojolea polisi, uongo mtupu, na mwaka 2016 baraza la uchunguzi likasema wazi watu wale waliuawa kinyume cha sheria na mashabiki hawakuwa na kosa. Mji mzima umeligomea mpaka leo, maduka kibao hayaliuzi. Yule baba wala hakufoka, alisubiri tu mpaka mjomba alipolitupa kwenye pipa, akampa mkono. Kwa hiyo ukiuliza "mji ukoje" mkuu, uko hivyo, wakarimu mno ila kuna kitu kimoja hawasahau. Mwambie baba asiokote magazeti.

Turudi kwa tapeli. Usiku ule kanibloku. Picha yake ya profaili alikuwa na jezi ya Liverpool, mwezi uliofuata mtu kanionyesha yuko na jezi ya Arsenal, nadhani kahamishia biashara kusini. Benki wakasema malipo uliyaidhinisha mwenyewe na onyo tulikupa, pole. Admin wa grupu akanijibu "tuwe makini wapendwa" na emoji ya mikono. Ukijumlisha treni na chumba cha usiku mmoja nilikaribia pauni 600, za kusikiliza mpira. Na hawa wa hapo juu wanaosema "nenda tu siku hiyo nje utapata", nyie mmewahi kufika? Nje unapata nini, burger na skafu za nusu kwa nusu, zenye rangi za timu zote mbili, ambazo nazo usinunue, wenyeji wanazicheka.

Sheria ni moja: tiketi itoke kwa klabu, kwa akaunti yako, iingie kwenye simu yako. Ikikosekana basi imekosekana, mwambie mzee. Kuna vifurushi vya klabu vyenye chakula, ghali vinauma lakini geti linafunguka. Kuna ziara ya uwanja siku isiyo na mechi, baba anakaa kwenye benchi, anapita kwenye korido, picha anapata. Kama kiu ni ya mpira tu, Everton wamehamia uwanja mpya kando ya mto, Bramley-Moore Dock, unashuka kituo cha treni cha Sandhills unatembea, na Goodison Park ya zamani sasa wanachezea wanawake wao, tiketi zinapatikana kirahisi mno na unakaa kwenye mbao za tangu enzi za mabibi. Najua utasema Everton hapana, lakini kumbuka Anfield ilikuwa yao, waliondoka 1892 kwa ugomvi wa kodi na mwenye kiwanja akabaki na uwanja usio na timu, ndio akaanzisha Liverpool. Kati ya Anfield na Goodison kuna bustani tu, Stanley Park. Fikiria Jangwani na Msimbazi halafu katikati uweke bata wa kuogelea. Au vuka mto uende Tranmere Rovers, kule tiketi ukikosa basi una nuksi binafsi.

Mavazi: koti zito, jezi ya Manchester United ibaki Leicester. Treni usikate mapema ya bei ya kutupa isiyorudishwa, mechi zinahamishwa tarehe kwa ajili ya TV, Jumamosi inageuka Jumatatu usiku. Chakula na malazi hao watano wameshakujibu, mimi siku ile nilikula chipsi zilizopoa sina ushauri.

Mjomba hajanisema mpaka leo ila kila nikipiga simu anauliza mtandao umerudi.

Umesema huyo jamaa anataka nusu ya hela kabla ya Ijumaa "kushika nafasi". Umeshatuma au bado? Jibu hilo kwanza, na kama kakutumia picha ya QR iweke hapa, futa jina lako tuione.