Mama ana kisukari, nimpeje sukari?

SWALI: Shikamoo mama muuguzi. Mama yangu ana miaka 68, ana kisukari, anatumia glibenklamidi. Asubuhi humeza kidonge, hunywa chai kavu isiyo na sukari, kisha huyo shambani, huku kwetu Pongwe. Juzi kwenye saa tano nilimkuta chini ya mwembe, kanga imelowa jasho, mikono inatetemeka, ananiita jina la marehemu dada yake. Jirani akasema ni shetani, tumfukize ubani. Nikampa soda, akaisukuma: "Mnataka kuniua na sukari?" Baadaye akala muhogo, akapata nafuu. Ikirudi nifanyeje?
Binti wa Pongwe, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo ni sukari kushuka. Kidonge hicho hulifanya kongosho litoe insulini, inayoshusha sukari, awe amekula au hajala. Tumbo lilikuwa tupu, na jembe likamaliza sukari kidogo iliyokuwapo. Ubongo ukikosa sukari mtu huchanganyikiwa, huwa mkali, hukataa hata msaada. Akikusukuma usimwache.

Kama mna mashine, mpime: chini ya 3.9 mmol/L imeshuka. Kama hamna, mtibu tu. Koroga vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, anywe yote. Nusu chupa ya soda ya kawaida inafaa pia. Ile isiyo na sukari haisaidii kitu. Subiri dakika 15, na kama bado, rudia. Akizinduka ndipo ale huo muhogo au uji. Usianze na chapati wala maandazi, mafuta huichelewesha sukari kuingia kwenye damu.

Akizimia au akishindwa kumeza, usimtie kitu mdomoni, kitampalia. Mlaze ubavu, mkimbizeni hospitali.

Ninachokiogopa zaidi ni dawa yenyewe. Hukaa mwilini hata saa 24, na figo zikiwa zimechoka, zaidi ya hapo. Sukari inaweza kupanda mchana ikashuka tena usiku mmelala. Kwa hiyo hata akipata nafuu, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na usiku asilale peke yake.

Wiki hii mpeleke kliniki na vidonge vyake vyote, vya presha pia, kwani baadhi, kama atenololi, huficha kutetemeka na moyo kwenda mbio, likabaki jasho tu. Omba figo zipimwe, na uulize kama dawa ibadilishwe. Kwa umri wake zipo zilizo salama zaidi. Kwa sasa kidonge kiende na chakula. Asipokula, asimeze, na kliniki waambieni.

Zungumza naye akiwa ametulia, akubali mapema kwamba siku hiyo sukari ndiyo dawa yake. Akienda shamba afunge sukari kidogo kwenye pindo la kanga. Na jirani yenu naye mwonyeshe sukari na glasi zinapokaa, huenda siku hiyo yeye ndiye atakuwa karibu.